Yule Aliyekuja Nyuma ya Kundi

Nilifundisha hesabu shule za msingi kwa miaka thelathini na minne, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kukosea kujumlisha mbele ya watu. Sisemi hivi kwa kujisifu. Au tuseme ninajisifu, basi. Mtu akistaafu anabaki na nini kingine? Ndiyo maana watu wa mradi mmoja waliponijia wakitaka mtu wa kuhesabu ndege sikuuliza mengi. Niliuliza ni ndege gani na wanapita wapi. Nikaambiwa ni ndege wala nyama, tai na vipanga na kozi, ambao mvua zikielekea kwisha huondoka huku kwetu kurudi kaskazini, na kwamba wanapita kwa wingi juu ya kilima kimoja upande wa Kibakwe. Kilima chenyewe nilikijua. Shule yangu ya kwanza ilikuwa chini yake.

Mume wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, na nyumba yetu ya Dodoma mjini ilikuwa imenizidi ukubwa. Nilifunga mlango, nikampa jirani ufunguo, nikaenda.

Mwenzangu katika kazi ile alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mkulima wa pale pale kijijini, niliyemfundisha darasa la nne na la tano. Nilimkumbuka mara moja: mwepesi wa macho, mzito wa kuzidisha, na fimbo yangu aliijua vizuri. Alipoletwa mbele yangu alikunja goti kidogo, akasema shikamoo mwalimu, na tangu siku hiyo hakuniita jina lingine. Macho yake aliyapata shambani. Kwao mtama na uwele vikianza kukomaa, mtu hukaa juu ya dungu, lile jukwaa la miti, kutwa nzima akiamia, yaani akiwafukuza ndege wasimalize nafaka. Yeye aliamia tangu akiwa na miaka sita. Alikuwa akiona kitu angani mimi naona bluu tupu, halafu ananyamaza, anangoja nikione.

Kazi ile kwake haikuwa ya kupitisha siku kama kwangu. Binti yake alikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi, na msimamizi wa mradi, kijana mwenye shahada na pikipiki, alikuwa ametamka wazi mbele yetu sote wawili kwamba msimu ukiisha atabakiza mtu mmoja wa kukitunza kituo cha pale kilimani mwaka mzima. Atakayebaki ni yule ambaye daftari lake linaaminika. Mimi nilimwambia papo hapo kwamba nafasi hiyo siitaki, nina pensheni yangu na nyumba yangu. Akacheka, akasema basi mambo ni mepesi, mradi madaftari yalingane. Yasipolingana, mmoja atakuwa anakosea, na mtu anayekosea hawezi kumwacha kilimani.

Utaratibu ulikuwa huu. Kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi jioni tulikaa juu ya mawe mawili, hatua hamsini kati yetu, tukiwa tumepeana mgongo kidogo ili mmoja asimwige mwenzake. Kila mtu na darubini yake, daftari lake, na kidude cha kubonyeza kwa kidole gumba kila ndege anapopita. Kuongea ilikuwa mwiko hadi jioni. Daftari lilikuwa na safu ya tai, safu ya vipanga, safu ya kozi, na mwisho kabisa safu ya wasiotambulika, kwa ajili ya wale walio mbali mno.

Wiki ya kwanza madaftari yetu yalilingana, nami niliona fahari kama vile bado nasahihisha.

Wiki ya pili ndipo alipoanza kuja yule wa nyuma.

Ilikuwa saa tano hivi. Kundi la tai lilikuwa limepanda na joto kutoka bondeni, wanazunguka bila kupiga bawa, halafu mmoja baada ya mwingine wakateleza kuelekea kaskazini. Nilihesabu ishirini na sita. Nilipokuwa nashusha darubini nikamwona wa ishirini na saba. Alikuwa peke yake, mweusi, upande wa kulia, chini kidogo ya njia waliyopita wenzake, na hakuwa akipiga bawa wala hakuwa akizunguka. Niligeuza macho kumtazama vizuri, naye akasogea mbele haraka. Nikatulia, naye akatulia. Nikamwandika kwenye safu ya wasiotambulika: mmoja.

Kundi la pili alikuja tena. La tatu, vile vile. Kila kundi lilipokwisha kupita, anga linabaki jeupe, naye anabaki pale pale pembeni mwa anga akinisubiri. Neno hilo, kusubiri, silo nililoliandika, lakini ndilo nililolifikiri, na nilijikemea. Ndege hamsubiri mtu.

Lililonisumbua zaidi ni darubini. Nikiwatazama tai kwa darubini wanakuwa wakubwa, naona hadi vidole vya ncha za mabawa. Yeye hakukua. Kwa darubini au bila darubini alikuwa na ukubwa ule ule, na weusi ule ule, hana kichwa wala mkia. Nilifuta vioo kwa upindo wa kanga. Nikafuta tena. Nilipomtazama tena alikuwa amerudi mahali pake.

Ijumaa msimamizi alipanda kilimani, akaketi kwenye jiwe langu, akayafungua madaftari mawili magotini. Tai walilingana, vipanga walilingana, kozi walipishana kidogo tu. Wasiotambulika wangu walikuwa arobaini na mmoja. Wa mwenzangu walikuwa wanane. Kijana aliguna. Alimuuliza yule mama ikiwa huwa anasinzia. Akasema hasinzii. Akamuuliza ikiwa anawaacha wale wa mwisho wa kundi. Mwenzangu alinitazama mimi badala ya kumtazama aliyeuliza, kisha akainamisha kichwa na kusema labda wanampita. Msimamizi akasema ana wiki mbili za kujirekebisha, kwa sababu mwalimu hawezi kukosea hesabu. Nami nilikubali kwa kichwa. Nilijiona nina haki kabisa.

Jioni tukishuka nilimpasha. Mimi mtu wa hasira, sifichi, na hasira yangu huanza kwa upole, ndiyo mbaya zaidi. Nilimwambia nimekaa nao miaka kumi pale kijijini na nazijua mila zao: kwamba mfugaji hataji idadi ya ng'ombe wake kwa sauti, na mama hawahesabu watoto wake kwa kidole, kwamba hesabu iliyokamilika inaita balaa. Nikamwambia mila hiyo aiache zizini, kilimani tunataka idadi kamili hadi wa mwisho. Nikamalizia kwa kusema mwenye macho haambiwi tazama.

Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia ng'ombe wana mwenyewe na watoto wana mwenyewe, lakini ndege si wa mtu, kwa hiyo yeye huwahesabu wote bila kuacha.

"Na yule mweusi wa nyuma?" nikauliza. "Yule anayekuja peke yake?"

Alisimama njiani. Kulikuwa bado na jua, na niliona uso wake ukibadilika.

"Anakuja upande gani, mwalimu?"

Nikamwambia upande wa kulia, chini kidogo. Alinishika mkono akanisaidia kuvuka korongo dogo ambalo nilikuwa nikilivuka mwenyewe tangu siku ya kwanza, na hakuniachia hadi tulipofika kwenye nyumba niliyopanga.

Tangu hapo mambo yalianza kuwa ya ajabu. Kilimani hakunipa tena mgongo. Nikigeuka ghafla namkuta ananitazama mimi, si anga, halafu anajifanya anaandika. Njiani alikuwa akitembea upande wangu wa kulia, kila siku, hata pale njia ilipokuwa nyembamba na miiba inamchana. Asubuhi ananiletea maziwa ya mgando, mchana ananigawia ugali na mlenda wake, na kila jioni, baada ya salamu zote, anauliza kwa sauti ya chini kama leo alikuja. Hakusema nani. Namjibu amekuja, mara kumi na mbili, mara tisa. Anaitikia kwa kichwa mithili ya mtu anayepewa habari za mgonjwa.

Halafu ikawa kijiji kizima. Sijui aliwaambia nini. Nikifika kisimani wanawake walikuwa wakinisalimu kwa heshima kuliko mwanzo, mbukwa mwalimu, mbukwa, halafu wanapisha, wananiachia zamu, na maongezi yanakatika. Bibi mmoja aliyekuwa jirani yangu enzi zile nafundisha alikuja kuketi nami nyuma ya nyumba. Alinishika kidevu, akanigeuzia uso kwenye mwanga, akanitazama muda mrefu, kisha akaomba Mungu kwa Kigogo, maneno ambayo sikuyaelewa yote. Nilimuuliza anaomba nini. Akasema anaomba tu. Kwenye mlango wangu nilikuta mtu ameweka majivu kwa mstari, na sikuuliza ni nani.

Niliogopa. Nimeishi miaka mingi nikiwacheka watu wenye kuogopa vitu hivyo, na sasa nilikuwa nikirudi nyumbani kabla jua halijagusa milima. Nilianza kumfikiria mume wangu. Alikuwa mtu mwembamba, mweusi, na enzi za uhai wake alikuwa na tabia ya kutembea nyuma yangu, hatua chache, upande wa kulia, hata tukienda kanisani. Nilikuwa nikimgombeza kwamba watu watadhani tumenuniana. Nikajiuliza maswali ya kijinga. Je, kama ni yeye? Je, kama ndege yule ananifuata mimi, wala hafuati kundi? Siku moja hali ilinizidi, nikasema kwa sauti pale kwenye jiwe, nikikiuka mwiko wa kunyamaza: kama ni wewe, njoo karibu au nenda zako. Hakuja karibu na hakwenda. Mwenzangu, hatua hamsini pale, alifunika mdomo kwa kanga.

Alfajiri nazo nilikuwa naona radi. Nafungua macho chumbani kungali giza na pembeni panamulika mara moja, kimya, kama mtu amewasha kiberiti nje ya dirisha. Nilidhani mvua inarudi. Nikitoka nje mbingu ni safi, nyota zimejaa, na wenyeji wanasema mvua imekwisha mwaka huu.

Ilifika Alhamisi ya wiki ya nne, siku moja kabla ya msimamizi kurudi. Kilima kilifunikwa na ukungu mzito tangu asubuhi, jambo la nadra kwa majira yale. Hakukuwa na tai, hakukuwa na kipanga, hata kunguru hakulia. Tulikaa ndani ya ule weupe bila kuonana, nasikia tu kikohozi cha mwenzangu kutoka mahali nisipopaona. Na ndani ya ukungu huo, mahali ambapo mtu hangeweza kuona mbuzi kwenye hatua kumi, nilimwona yeye. Alikuwa mweusi na wazi kuliko siku zote. Safari hii alikuwa na wenzake, vijidudu vidogo vidogo kama masizi, vikimfuata taratibu. Niliandika: mmoja. Kisha nikalitazama neno lile nililoliandika, na mwalimu aliyemo ndani yangu akaamka. Ndege gani anaonekana ndani ya ukungu?

Nilirudi mapema, nikafunga mlango, nikasimama mbele ya ukuta uliopakwa chokaa. Alikuwepo. Alikuwa anaruka juu ya ukuta wangu, kulia, chini kidogo. Nikafumba jicho la kushoto: yupo. Nikafumba la kulia, nikatazama kwa la kushoto peke yake: ukuta mweupe, mtupu, na ufa mmoja wa zamani kwenye chokaa. Nikafumbua. Karudi. Nilifanya hivyo mara saba au nane, hadi nikachoka kujifanya sijaelewa. Ilikuwa hesabu ya mtoto wa darasa la kwanza. Ndege alikuwa ndani ya jicho langu la kulia. Karibu wiki tatu nilikuwa nimehesabu kitu kilichomo kichwani mwangu mwenyewe na kukiandika katika daftari la watu, na daftari la mwenzangu, kundi kwa kundi, lilikuwa sahihi.

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mkweli, maana bila hivyo hakuna sababu ya kuandika. Usiku ule sikulala, nami nilikuwa na muda wa kutosha kuamua. Nilijua Ijumaa imefika. Nilijua kijana yule atayafungua madaftari na nini kitatokea kwa mtu mwenye binti chuoni. Sentensi moja ingetosha. Lakini nilijiona nikisimama mbele ya kijana mwenye shahada, mimi, mwalimu wa hesabu, kusema kwamba nilikuwa nikihesabu uchafu wa jicho langu na kuuongelesha kama mume wangu. Niliona watakavyocheka mjini. Niliona ile nyumba kubwa na ufunguo kwa jirani. Nikajiambia msimu umebaki wiki mbili tu, nitamaliza, nitakwenda hospitali kimya kimya, halafu nitamtafuta msimamizi nimweleze taratibu, mambo yarekebishwe. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi ratiba.

Ijumaa msimamizi alikuja. Safu yangu ya wasiotambulika ilikuwa imefika mia na kitu. Ya mwenzangu haikufika ishirini. Hakupiga kelele. Alimwambia yule mama kwamba anasikitika, kwamba wiki mbili alizompa zimekwisha, arudishe darubini na kile kidude, na mshahara wa siku zake ataletewa. Aliongeza kwamba mwalimu ameonyesha mfano. Nilikuwa nimesimama karibu kiasi kwamba niliweza kunusa mafuta ya pikipiki kwenye koti lake. Nilitazama chini. Mwenzangu aliivua darubini shingoni, akaikunja kamba yake vizuri, akamkabidhi kwa mikono miwili. Kisha akanigeukia, akangoja. Alingoja muda mrefu hadi msimamizi akakohoa. Nilisema tu, pole mama, na kwaheri.

Kilimani nikabaki peke yangu. Jumamosi niliwahesabu tai na sikumwandika tena yule mmoja. Jumatatu vile vile. Alikuwapo na vijidudu vyake, nami nikampuuza, nikajiona hodari. Chini bondeni mtama ulikuwa umekomaa, na kutoka kwenye jiwe langu nilisikia sauti ya mwenzangu akiamia, ule mwito mrefu wa kufukuza ndege, na mchapo wa kombeo. Mara moja moja alinyamaza, na nilipotazama chini kwa jicho zuri nilimwona amesimama juu ya dungu, uso ameuelekeza kilimani.

Jumatano, saa nane mchana, giza lilianza kupanda kutoka chini.

Sijui niseme vipi ili mtu aelewe. Hakukuwa na maumivu hata chembe. Kozi walikuwa wakipita, wengi, wepesi, nami nabonyeza, nabonyeza, halafu nikaona upande wa chini wa dunia umekatwa. Nilidhani ni kivuli cha wingu bondeni. Kikapanda. Kikameza mashamba, kikameza mstari wa milima, kikawafikia kozi, na mmoja mmoja waliingia mle ndani na hawakutoka upande wa pili. Ukingo wake ulikuwa ukitikisika kama pazia mlango ukiwa wazi. Nilifumba jicho la kulia. Bonde likarudi, lakini likawa limelala kama picha, sikuweza tena kujua jiwe lipi liko karibu na lipi liko mbali. Niliinuka na kuteleza. Daftari likaanguka kwenye miiba. Nikatambaa, nikasimama, nikaelekea nilikodhani kuna njia, nikasikia kokoto ninazozikanyaga zikidondoka na kuchelewa kugonga chini.

Nilisimama hapo hapo. Niliita, na hakukuwa na mtu wa hatua hamsini wa kuniitikia, kwa sababu nilikuwa nimemwacha afukuzwe.

Sauti ya kuamia kule chini ilikuwa imekatika. Sikujua nimesimama kwa muda gani. Nilihisi mkono unanishika upande wa kulia, kwenye kiwiko, mkono wenye jasho na vumbi la mtama, na yule mama akasema huku anahema kwamba nirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, nisigeuke. Alikuwa ameniona kutoka shambani nikitembea vibaya, akaacha dungu na nafaka yake kwa ndege, akapanda kilima kwa njia ya mbuzi. Alinishusha kama alivyonizoeza, taratibu, upande ule ule. Wakati tunashuka niliona makundi ya ndege wadogo yakitua mtamani mwake bila mtu wa kuwazuia, na nikamwambia arudi. Hakuniachia kiwiko.

Hospitali ya Dodoma daktari aliniuliza mambo matatu: kama niliona madoa yanayoelea, kama niliona mimuliko gizani, na tangu lini. Nilipomjibu aliweka kalamu chini. Alisema ngozi ya ndani ya jicho ilianza kuchanika mwanzoni na imebanduka sasa, na kwamba madoa na mimuliko ndiyo onyo lenyewe. Ningekuja wakati ule wangeweza kulishona kwa mwanga na huenda nikabaki naona. Walijaribu waliyoweza. Jicho la kulia halioni tena, isipokuwa tofauti ya mchana na usiku.

Nilimwandikia msimamizi barua nikiwa wodini, muuguzi akinishikia karatasi. Nilieleza yote, nikaomba safu yangu ya wasiotambulika ifutwe tangu wiki ya pili, na nikasema daftari la kuaminika ni la yule mama. Alijibu kwa heshima. Alisema nafasi ya kituo ipo bado na atampa, akaniomba nimpelekee mimi barua ya kumwita, kwa kuwa nafahamiana naye.

Nilikwenda mwezi mmoja baadaye, nikiwa na miwani myeusi; lile korongo mtoto mmoja wa kijijini alinivusha, akaenda zake. Nilimkuta nyuma ya nyumba yake anapura mtama uliobaki, na haukuwa mwingi. Alinipa shikamoo, akaniletea kigoda. Nikampa barua. Aliisoma yote, akaikunja, akaiweka chini ya jiwe isipeperushwe, akaendelea kupura. Nikamuuliza swali lililokuwa likinikaa kooni: alijua?

Alijua tangu siku ile njiani. Mama yake mzazi alimwona ndege huyo huyo, na dada wa mama yake, wote wawili kabla ya giza kuwafunga macho. Kwao anayemwona haambiwi. Akiambiwa, ndege anatua. Wanachofanya ni kutembea upande wake na kumwombea asitue. Ndivyo alivyofanya kwangu, kijiji kizima kilifanya hivyo, na alisema sasa anajua kwamba walikosea, binti yake amemweleza kutoka chuoni, na kosa hilo linamkosesha usingizi. Alisema hivyo wazi, bila kujitetea, mtama ukiruka chini ya mchi. Nilimwambia asijilaumu. Nililisema kwa sauti yangu ya darasani, ya kusamehe.

Aliacha kupura.

"Na mimi nikuulize, mwalimu. Siku ile naivua darubini, ulikuwa umeshajua?"

Ningeweza kusema hapana. Hakuna mtu duniani angenikanusha.

"Nilikuwa nimeshajua," nikasema. "Tangu jana yake."

Alinitazama, na kwa jicho moja lililobaki nilimwona vizuri.

"Mimi nilinyamaza nikikuogopea wewe," akasema. "Wewe ulinyamaza ukimwogopea nani?"

Kisha akainua mchi, akaendelea na kazi, nami nikakaa pale kigodani hadi alipomaliza, kwa sababu nisingeweza kuvuka lile korongo peke yangu.